Maadhimisho ya Julai Mwanza: bango la kuaminika, fulana ya kuchunguza, jaketi okozi la kupima kwa jiwe

Ofisi, shule, vikundi vya vijana na vikundi vya BMU (vya usimamizi wa mialo ya uvuvi) vya mkoa wa Mwanza vikipanga Julai hukutana na ratiba iliyojaa. Jumamosi ya kwanza ni Siku ya Ushirika Duniani. Tarehe 7 ni Kiswahili, 11 ni Idadi ya Watu, 18 ni Nelson Mandela, 25 ni Kuzuia Kuzama Majini, 28 ni Homa ya Ini, na 30 ni Kupinga Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Tathmini hii inahusu vitu vitatu vinavyonunuliwa jijini kwa ajili ya siku hizo: mabango ya fleksi (turubai la plastiki), fulana za kuchapwa na majaketi okozi.

Hukumu yetu ni hii. Mabango yanayochapwa Mwanza ni mazuri, na hakuna sababu ya kuyaagiza Dar es Salaam. Fulana ndizo zinazomeza bajeti na kuacha faida ndogo. Majaketi okozi yanayouzwa kwenye maduka ya zana za uvuvi yanatofautiana mno kwa ubora, na katika vitu hivi vitatu ndiyo pekee yanayoweza kumpoteza mtu yakiwa mabovu. Kamati yoyote yenye bajeti ya Julai 25 tungeishauri ipunguze fulana kwa nusu na pesa hiyo iende kwenye majaketi.

Kalenda ya wachapaji

Ubora wa kazi ya uchapaji Mwanza hubadilika kufuata wiki. Mwaka wa fedha wa Serikali unaisha Juni 30, kwa hiyo siku za mwisho za Juni mashine za katikati ya jiji hukesha na oda za wanaofunga hesabu. Oda ya Ushirika au ya Kiswahili ikiingia katika msongamano huo, bango hutoka mashinini likakunjwa kabla wino haujakauka. Mwisho wa Julai foleni inarudi kwa sababu ya Nane Nane, maana kila banda la uwanja wa Nyamhongolo linataka bango lake. Dirisha zuri la kufanyiwa kazi kwa utulivu ni kati ya Julai 10 na 17. Oda zote za tarehe 25, 28 na 30 ziingie humo. Kwa siku mbili za mwanzo, Ushirika na Kiswahili, mchoro uwe umekamilika ifikapo Juni 15. Julai 7 yenyewe ni Saba Saba, sikukuu ya kitaifa, na duka ulilotegemea kuchukua mzigo asubuhi linaweza kuwa limefungwa. Chukua mzigo tarehe 5 au mapema zaidi.

Tarehe zihakikiwe kabla ya kulipa malipo ya awali. Nyingi hazihami, ila Ushirika hufuata Jumamosi: mwaka 2026 inaangukia Julai 4, mwaka 2027 Julai 3. Kunakili bango la mwaka jana pamoja na tarehe yake ni kosa la kawaida. Bango la Kiswahili likitaka kutaja historia, miaka ni hii: UNESCO ilitangaza siku hiyo Novemba 2021, na maadhimisho ya kwanza yalifanyika 2022. Julai 7 ilichaguliwa kwa sababu ndiyo tarehe ya mwaka 1954 ambapo TANU, chini ya Julius Nyerere, ilikitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Siku ya Kuzuia Kuzama ni changa pia. Azimio la Umoja wa Mataifa lilipitishwa Aprili 2021.

Kaulimbiu ndiyo inayochelewesha oda nyingi. Ya kimataifa hutangulia, kisha wizara husika hutoa maneno ya Kiswahili, na mara nyingine hutoka siku chache kabla ya tukio. Wanaotafsiri wenyewe kwa haraka hujikuta na bango lisilofanana na la mkoa. Suluhisho ni kuchapa vipande viwili. Bango kuu la mita 3 kwa 1 libebe jina la siku, tarehe bila mwaka, na nembo. Chini yake ufungwe ukanda wa mita 3 kwa sentimita 30 wenye kaulimbiu na mwaka, macho yake (matundu ya kufungia kamba) yakilingana na macho ya bango kuu. Ukanda huo huchapwa kwa muda mfupi hata siku moja kabla, na mwakani unalipia ukanda peke yake. Ajabu ni kwamba wachapaji wachache sana hupendekeza hili wenyewe. Liombe.

Mabango

Fleksi huuzwa kwa mita ya mraba. Uzito unaofaa nje ni gramu 440 kwa mita ya mraba, na nyepesi ya gramu 280 iachwe kwa ukumbini. Uliza upana wa roli kabla ya kuchagua kipimo. Mashine kubwa huchapa hadi mita 3.2 bila kiungo, lakini zile za mita 1.6 au 1.8 zitalazimika kuunganisha bango pana, na kiungo hicho ndicho hufumuka kwanza. Pindo liunganishwe kwa joto, lisiwe la gundi peke yake. Macho yawekwe kila sentimita 50 kuzunguka pande zote, na kila kona iwe na jicho ndani ya pindo lenye tabaka mbili. Ukiona bango la mita 3 lenye macho manne tu, lirudishe.

Upepo ndio adui wa bango hapa. Alasiri ya Julai hewa huvuma kutoka ziwani kuingia nchi kavu. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unasukuma bango la mita 3 kwa 1 kwa nguvu ya takribani kilo 20. Wengi hutoboa matundu ya nusu duara ili upepo upite. Hatuyapendekezi, kwa kuwa hupunguza shinikizo kidogo tu na kila tundu ni mwanzo wa mpasuko. Funga macho yote badala ya kona pekee, tumia mpira wa baiskeli au kamba inayovutika kidogo ili mshtuko usimalizikie kwenye jicho moja, na kwa viwanja vilivyo wazi kama Furahisha liweke bango ubavu kwa ziwa badala ya kulikabili.

Rangi ndiyo sehemu ambayo wateja hulaumu mashine wakati kosa liko kwenye faili. Bluu hutumika sana Julai, hasa kwa kuzama majini na kwa usafirishaji wa binadamu, ambao alama yake ni moyo wa bluu. Bluu ya kioo cha simu ikichapwa mara nyingi hutoka zambarau. Mwambie mbunifu aandae faili kwa rangi nne za uchapaji, na majenta (wino wa waridi iliyokolea) iwe chini ya sayani (wino wa samawati) kwa angalau asilimia 30. Sayani 100 na majenta 60 hutoa bluu safi. Omba kipande cha ukubwa wa A4 kichapwe kwenye fleksi ileile kabla ya kuidhinisha, na kitazame nje juani, maana taa za dukani hudanganya macho.

Faili litumwe kama PDF ambayo herufi zake zimegeuzwa kuwa michoro, la sivyo kompyuta ya mchapaji itabadili fonti na maneno yatahama mstari. Picha ya bango la mita 3 inahitaji nukta 72 hadi 100 kwa inchi katika kipimo chake halisi, yaani pikseli 8,500 hadi 11,800 hivi kwa upana. Ukipitisha WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na nembo zikatoka na ukungu. Ukubwa wa herufi upimwe kwa umbali: sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3. Watu wakisimama mita 30 kutoka jukwaani, jina la siku linahitaji herufi za sentimita 25, na hapo bango la mita 3 halina nafasi ya sentensi ndefu. Nembo kumi za wafadhili zikipangwa chini hazisomeki na mtu yeyote. Tahajia isomwe na mtu ambaye hakuiandika. "Maazimisho" badala ya "maadhimisho" bado inatokea, na kwenye bango la Siku ya Kiswahili inaumiza.

Mzigo wa Ukerewe au Sengerema usikunjwe. Fleksi iliyokunjwa hubaki na mistari myeupe, na wino hupasuka kwenye mikunjo. Iache bapa kwa saa 24 baada ya kuchapwa, iviringishe juu ya bomba huku picha ikiwa upande wa nje, kisha uifunge kwa karatasi. Ikiviringishwa mbichi hunatana, na ikifunguliwa Nansio huja na mabaka.

Kwa upande wa nyaraka za malipo, maduka mengi ya jijini yana taratibu nzuri. Profoma na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) zidaiwe mwanzoni. Nukuu tatu za bei zitaje kipimo, gramu, idadi ya macho na aina ya pindo, kwa kuwa nukuu iliyoandika "bango 1" haiwezi kulinganishwa na nyingine.

Fulana

Hapa ubora ni wa wastani. Chanzo kikubwa ni kulinganisha vibaya njia ya uchapaji na kitambaa. Uchapaji wa skrini ndio unaofaa kwa fulana 50 na kuendelea. Kila rangi inahitaji skrini yake, na bei hupanda kwa kila rangi inayoongezwa. Mchoro wa rangi moja hupunguza gharama na husomeka vizuri zaidi. Wino wa plastisoli unahitaji kufikia takribani nyuzi joto 160 za Selsiasi ili uive. Kukiwa na haraka, au joto likiwa halitoshi, wino hukauka juu tu, na fulana ikifuliwa mara ya kwanza mchoro huanza kumeguka. Upime mchoro kabla ya kupokea: nyoosha sehemu yenye mchoro kwa mikono miwili. Ukipasuka kama tope kavu, haujaiva. Rudisha mzigo wote upigwe joto tena, kazi isiyochukua muda mrefu ikiwa vifaa vipo.

Uchapaji wa sublimesheni (wino unaohamishwa kwa joto) hushika poliesta nyeupe au ya rangi hafifu tu. Ukiwekwa kwenye pamba hufubaa baada ya kufuliwa, na hakuna sabuni itakayouokoa. Njia ya filamu, ile wachapaji wanayoiita DTF, inafaa kwa oda ndogo zenye rangi nyingi. Kagua kingo: zikiinuka kwa ukucha, shinikizo lilikuwa dogo. Kitambaa kiwe gramu 160 au zaidi kwa mita ya mraba. Za gramu 120 hupinda shingo na kuonyesha mwili.

Jambo moja tunalisisitiza kwa Julai 25. Kamati nyingi huchagua fulana za bluu kwa sababu ya maji. Bluu ndani ya ziwa haionekani. Ikiwa fulana hizo zitavaliwa na watoto wa mwaloni au wavuvi siku nyingine, na bila shaka zitavaliwa, chagua rangi ya chungwa au njano iliyokolea na uache bluu kwenye bango.

Siku zisizohitaji kuchapa sana

Siku ya Mandela inaadhimishwa kwa dakika 67 za kujitolea, moja kwa kila mwaka wa utumishi wake. Pesa yake iende kwenye glavu nene, reki, viroba na mabuti ya mpira. Kusafisha mwalo ukiwa peku ni kujitafutia kichocho. Nyuzi za nyavu chakavu zikatwe kwa kisu, zisivutwe kwa mkono. Siku ya Idadi ya Watu hufanywa vizuri ukumbini kwa bango moja la kusimama la sentimita 85 kwa 200.

Homa ya Ini inastahili karatasi moja nzuri kuliko bango: kadi. Chanjo ya homa ya ini B kwa mtu mzima ina dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Anayeanza Julai 28 anarudi Agosti 28 na Januari 28. Kadi ngumu yenye visanduku hivyo vitatu, tarehe zikiwa zimejazwa palepale na jina la kituo, inasaidia zaidi ya kipeperushi chenye maelezo ya kurasa mbili. Iwe ya karatasi isiyopakwa nailoni, ili kalamu ya kawaida iandike. Anayeandaa chanjo uwanjani akumbuke pia kuwa chanjo hii huharibika ikiganda. Vipande vya barafu vinavyotoka moja kwa moja kwenye friza havipaswi kugusa chupa. Viachwe hadi ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani.

Majaketi okozi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Kwa mkoa ambao majina MV Bukoba na MV Nyerere yanatajwa bila kuhitaji maelezo, siku hii haipaswi kuishia kwenye hotuba. Majaketi ya kununua yapo, hasa kwenye maduka ya zana za uvuvi upande wa Kirumba. Kazi ni kutofautisha.

Anza na lebo. Namba ya kutafuta ni ya nyutoni, yaani nguvu ya kuelea. 50 ni msaada wa kuogelea kwa anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, nalo halimgeuzi mtu uso juu. 100 ni kiwango cha chini tunachokikubali kwa abiria na mvuvi wa maji yaliyokingwa. 150 ni la maji wazi, na lina nafasi nzuri zaidi ya kumgeuza aliyezimia. Lebo itaje pia uzito wa mvaaji, na viwango vya ISO 12402. Jaketi lisilo na lebo kabisa, lenye maandishi makubwa ya kuvutia mgongoni, liache dukani.

Lebo nayo hughushiwa, ndiyo maana tunapima. Kwanza bonyeza sifongo la ndani kwa kidole gumba. Lile la vyumba vidogo vya hewa vilivyofungwa ni gumu kidogo na hurudi taratibu. Sifongo la godoro hubonyea lote na kutoa hewa. Baadhi ya majaketi ya bei ya chini yamejazwa vipande vya vifungashio. Ukipapasa utasikia vipande vikihama ndani.

Kisha jiwe. Mwanza haina shida ya granaiti, na granaiti ina sifa inayosaidia hapa: ikizama majini hubaki na takribani asilimia 62 ya uzito wake wa nchi kavu. Jiwe la kilo 15 kwenye mizani ya samaki linavuta chini kwa kilo 9 na kitu likiwa majini. Jaketi la nyutoni 100 lina uwezo wa kubeba kilo 10 hivi, kwa hiyo lazima libaki linaelea na jiwe hilo likining'inia chini yake. Kwa jaketi la 50, tumia jiwe la kilo 7. Weka jiwe ndani ya kipande cha wavu, lifunge kwenye mikanda ya jaketi kwa kamba fupi, na ushushe kutoka gatini au ndani ya tangi la maji lenye kina. Usiingie ziwani kufanya jaribio hili. Usitumie dumu lililojaa maji kama uzito, kwa sababu likiwa majini halivuti chochote. Tofali nalo lisitumike, kwani hunywa maji na hesabu huharibika.

Liache saa 24. Hiki ndicho kipimo cha kweli. Jaketi bovu huelea vizuri saa ya kwanza, kisha sifongo hunywa maji na kufikia asubuhi limezama. Duka likikubali kukupa moja la sampuli lipimwe kabla ya oda ya 30 au 50, hilo ni duka la kufanya nalo biashara. Likikataa, nenda kwa jirani yake. Kwenye oda kubwa pima sampuli kutoka kila katoni, kwa kuwa katoni za mzigo mmoja zinaweza kuwa za viwanda tofauti.

Baada ya kuelea, kagua ushonaji. Shika mkanda kwa mkono mmoja na jaketi kwa mwingine uvute kwa nguvu zako zote. Uzi ukitoa sauti, kataa. Vifungo vya plastiki vifungwe na kufunguliwa mara kadhaa na vidole vilivyolowa. Zipu peke yake haitoshi, kwani mchanga huikwamisha. Liwepo filimbi iliyofungwa kwa kamba, na utepe unaong'aa ukimulikwa, kwa sababu wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku. Mvalishe mtu, umshike mabegani pa jaketi umnyanyue: likipanda kupita kidevu ni kubwa mno kwake. Ukanda wa kupita katikati ya miguu ni wa lazima kwa mtoto. Bila huo jaketi hupanda usoni na mtoto huchomoka. Mtoto hapewi la mtu mzima hata kwa safari fupi ya kivuko.

Siku yenyewe ina mgongano: Julai 25 ni Siku ya Mashujaa nchini, na viongozi wengi huwa kwenye kumbukumbu hiyo asubuhi. Mafunzo ya mwaloni yafanyike siku moja kabla, asubuhi, ziwa likiwa tulivu na mitumbwi imesharudi. Angalia pia mwezi. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, na mahudhurio huwa mazuri bila posho ya kuwaita.

Majaketi yakigawiwa bila orodha, baada ya miezi michache yatakuwa mito ya kukalia, na sifongo likikaliwa hupoteza uwezo wake. Yaandikwe namba kwenye lebo kwa kalamu isiyofutika, yakabidhiwe BMU kwa saini, yatundikwe kivulini penye hewa mbali na mapipa ya petroli, na jaribio la jiwe lirudiwe kila Julai. Jaketi ambalo chungwa lake limepauka kabisa lipimwe kwanza, kwa kuwa jua lililokula rangi limekula na nyuzi. Likishindwa, likatwe mikanda yote siku hiyohiyo ili mtu mwingine asilichukue jalalani akalivaa.